Mabaharia wageni kwenye mwalo wangu: niwatoe au niwapokee?

Swali: "Nina mitumbwi miwili ya dagaa hapa Igombe, Mwanza, kwenye mwalo wa kushushia samaki, na vyumba vichache vya kupangisha. Giza lililopita, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi tunazovua, nilipokea vijana sita wawe mabaharia wa mitumbwi yangu. Wanne wanasema ni Waha wa Kigoma. Wawili hawasemi sana, nadhani ni Warundi. Wote wanalala chumba kimoja. Majirani wanataka niwatoe. Wanasema vijana hawa wanashusha bei ya kazi, na dagaa wakipungua kwenye chanja cha kuanikia wanatajwa wao. Nawaonea huruma, ni watoto wa watu, umaskini ndio umewatoa kwao. Lakini naogopa sheria, na naogopa kuchezewa. Nifanye nini?"

Jibu:

Shikamoo mama. Umefanya vema kuuliza kabla ya kuamua, maana hapo ulipo mtu anaweza kumdhulumu mwenzake huku akiamini anamsaidia.

Kwa ufupi: usiwatoe kwa mkupuo. Watofautishe kwa nyaraka zao, si kwa lafudhi zao. Walipe sawa na mabaharia wako wa siku zote. Na kila shilingi inayopita kati yako na wao iandikwe, nao wakiona. Hilo la mwisho nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu mgeni maskini akiharibikiwa mwaloni, mara nyingi chanzo ni hesabu ambayo hakuielewa: deni la nauli, deni la chakula, deni la taa iliyovunjika, yote yametunzwa kichwani mwa tajiri, yaani mwenye mtumbwi. Tajiri mwenye roho nzuri asiyeandika humfunga baharia sawasawa na tajiri mwenye roho mbaya.

Tuanze na vijana wenyewe, maana huruma isiyojua mtu ametokaje kwao huishia kwenye kumpa sahani ya ugali na kumsahau.

Kijana wa namna hii huwa haondoki peke yake. Nyumba nzima imekaa ikaamua. Shamba limegawanywa kwa ndugu wengi hadi halitoshi, mvua imekosea msimu, mtoto amefaulu na hana sare. Anachaguliwa mwenye nguvu, anauzwa mbuzi au inakopwa nauli. Kwa watu wa Kigoma kuna jambo lingine: mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa miezi 3, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Ni hatua yenye maana kwa ziwa lile, lakini baharia asiye na shamba hawezi kukaa miezi 3 akitazama maji. Na aliyekulia kwenye uvuvi wa taa kule anaijua kazi yako kabla hujamfundisha. Upande wa Burundi ardhi ni finyu, watu wamesongamana, na kazi ya kulipwa kijijini ni adimu.

Kwa hiyo anafika Igombe akiwa tayari anadaiwa. Hebu tupige hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu, weka zako. Mtumbwi wa watu wanne umeuza dagaa wa shilingi 3,600,000 katika giza moja. Toa mafuta, chaji za taa, chakula cha majini na ushuru, tuseme 1,200,000. Zimebaki 2,400,000. Kwa mgawo wa nusu kwa nusu unachukua 1,200,000, na kila baharia anapata 300,000. Inaonekana fedha nzuri. Sasa kaa upande wake. Nauli aliyokopa ni 60,000. Chakula cha nchi kavu kwa 3,000 kwa siku, ukihesabu na siku za mbalamwezi ambazo taa haivuti dagaa na mtumbwi umelala, ni 90,000 kwa mwezi. Chumba cha 30,000 kikigawanywa kwa sita ni 5,000. Amebaki na 145,000, na hapo hajaugua wala hajanunua sabuni. Angekaa peke yake angebaki na 120,000. Ile 25,000 ya tofauti ndiyo inayomlaza kwenye mkeka na wenzake watano. Kule kwao ni daftari na sare ya mdogo wake.

Hilo ni giza zuri. Giza baya likiuza nusu yake, 1,800,000, gharama hazishuki kwa nusu, maana mafuta yamechomwa vilevile. Zinabaki 600,000, mabaharia wanagawana 300,000, kila mmoja 75,000. Chakula peke yake kilishakula 90,000. Hapo kijana amefanya kazi mwezi mzima usiku kwenye baridi na bado anadaiwa. Ukishaiona hesabu hii utaelewa mambo mengi ambayo majirani wanayaita tabia: kwa nini hali nyama, kwa nini anaingia majini akiwa na homa, kwa nini hasemi sana, na kwa nini siku moja unaamka hayupo. Baharia anayetoroka usiku mara nyingi hajaiba chochote. Ameona deni lisilokwisha.

Kuhusu majirani, wakumbushe kwa upole kwamba jambo hili si geni kwa watu wa kanda hii. Wakara waliondoka Ukara vizazi vingi vilivyopita kwa sababu kisiwa kilijaa, wakaenda kulima bara. Wasukuma wamehama na ng'ombe wao hadi Rukwa, Katavi, Usangu, Kilombero na Rufiji, na kila walikofika kuna aliyewaita wavamizi. Babu zao wengine walikwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge Tanga. Ni nadra kukuta nyumba hapa Mwanza isiyo na ndugu anayeishi kama mgeni mahali fulani leo hii. Muulize jirani yako anavyotaka huyo wa kwake atendewe, kisha nyamaza umsikilize.

Sasa sheria, maana umesema unaiogopa, na ni haki yako kuiogopa kwa kiasi.

Wale wanne, kama ni Watanzania, wako kwao. Ibara ya 17 ya Katiba inampa raia uhuru wa kwenda na kuishi popote katika Jamhuri ya Muungano. Mwenyekiti wa mtaa hawezi kumtoa raia kwa sababu ametoka mkoa mwingine, na BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, vilevile. Tatizo ni kwamba Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana sana, kiasi kwamba Muha na Mrundi huongea kila mmoja kwa lugha yake na wakaelewana. Ndiyo maana Waha wengi wamesumbuliwa wakiwa ndani ya nchi yao. Tena wako watu wenye asili ya Burundi, waliokimbia mwaka 1972 wakawekwa kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, ambao zaidi ya 160,000 walikuja kupewa uraia wa Tanzania. Huyo ni Mtanzania kamili, lafudhi iwe ilivyo. Kwa hiyo unaposema "nadhani ni Warundi", hujasema lolote bado. Hata wale wawili wanyamavu wanaweza kuwa wa Buhigwe, hukohuko Kigoma.

Namna ya kuuliza ndiyo yenye utu au isiyo na utu. Usiwaite wageni peke yao, wala usiwaulize mbele ya watu kwenye chanja. Fungua daftari la mtumbwi na uwaite wote, wenyeji kwa wageni, mmoja mmoja. Sema hivi: "Kila anayepanda mtumbwi wangu naandika jina lake kamili, mwaka wa kuzaliwa, kijiji alichotoka, na namba ya ndugu wa kupigiwa likitokea jambo majini." Hiyo ni sababu ya kweli. Mtumbwi ukipinduka usiku, mgeni ambaye jina lake la kwao hulijui huzikwa bila mama yake kupata habari. Kisha omba kuona kitambulisho: kadi au namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, kadi ya mpiga kura, au barua ya mtendaji wa kijiji chake. Kama alivua mwalo mwingine kabla, ulizia barua ya BMU ya huko. Nakili, mrudishie papo hapo. Usibaki na kitambulisho cha mtu hata usiku mmoja, hata akikuomba umtunzie. Kushikilia nyaraka za mfanyakazi ni moja ya dalili kuu za usafirishaji haramu wa binadamu, ambao una sheria yake ya mwaka 2008, na hutaki mwalo wako ufanane na hilo hata kwa sura.

Asiye na karatasi yoyote si lazima awe mgeni wa nchi. Maskini wa kijijini ndiye wa mwisho kupata kitambulisho. Mpigie mtendaji wa kijiji chake ukiwa naye, atajwe baba yake na kitongoji. Jibu hupatikana kwa simu moja au mbili. Kisha mpeleke kwa mwenyekiti wako wa mtaa aandikwe kwenye daftari la wakazi. Ukifanya hivyo mapema, siku ya msako una la kuonyesha.

Wale wawili wakikuambia kweli ni raia wa Burundi, mambo yanabadilika, na hapa lazima nikuambie ukweli usiopendeza. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Raia wa nchi mwanachama anayeingia kwa mpaka halali akiwa na hati ya kusafiria hupewa pasi ya kukaa, ambayo kwa itifaki hiyo inaweza kufika miezi 6. Lakini pasi hiyo si ruhusa ya kufanya kazi. Mgeni anahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, na kibali cha ukaazi daraja B kutoka Uhamiaji. Mwajiri ndiye anayeshughulikia, na anatakiwa kuonyesha kwamba alitafuta Mtanzania wa kazi hiyo akakosa. Kwa kazi ya baharia wa dagaa, mama, usitegemee kibali hicho. Wala usimshauri ajaribu umachinga badala yake, kwa sababu amri ya mwaka 2025 imewazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo za jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu na ukarabati wa simu.

Wengi hapa huchagua kumficha na kuita hiyo huruma. Naikataa njia hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, kumhifadhi mtu unayejua yuko nchini kinyume cha sheria ni kosa lenye adhabu nzito. Pili, kijana aliyefichwa hana pa kulalamika. Siku ya msako hukamatwa akiwa na nguo alizovaa, na mgawo wake wa giza zima unabaki kwa wengine. Tajiri mbaya huijua siku hiyo, na wako wanaoingojea.

Fanya hivi. Mlipe kwanza jasho lake lote hadi leo, kamili, mkononi mwake, kabla hamjaongea lolote. Kisha mkae faraghani, mkiwa na mtu mnayemwamini anayejua Kirundi ikibidi, umweleze kwamba huwezi kuendelea naye majini bila kibali, na kwa nini. Muulize swali moja tu: "Ukirudi kwenu leo, kuna mtu au jambo linaloweza kukudhuru?" Akisema hapana, ni njaa tu, basi mpeleke mchana, kwa hiari yake, ofisi ya Uhamiaji ya mkoa akapewe utaratibu, naye akiwa na fedha zake mfukoni. Akisema ndiyo, hiyo si kazi yako wala ya majirani kuipima. Mwelekeze aseme hivyohivyo mbele ya ofisa, kwa kuwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku 7 tangu aingie nchini, na kuchelewa kunamharibia. Usimkabidhi kwa kundi la vijana wa mtaa. Mtu akishasindikizwa na fimbo, hata aliye na haki huonekana mhalifu.

Tuje kwenye bei ya kazi, maana hapa majirani zako hawajakosea kabisa. Ni kweli wageni wanaweza kushusha malipo. Lakini tazama inavyotokea: mgeni hafiki akatangaza bei ya chini. Ni tajiri anayemwona ana njaa, akampa theluthi badala ya nusu, au akamlipa kwa siku badala ya mgawo, na baada ya magiza mawili anamwambia mwenyeji, "Mbona fulani anakubali?" Dawa yake iko mikononi mwako. Mgawo wa mtumbwi wako uwe mmoja kwa kila anayeshika nyavu, mgeni kwa mwenyeji, na utangaze hivyo hadharani kwenye kikao cha BMU. Mgeni akilipwa sawa hana faida yoyote ya urahisi kwa tajiri mwingine, na mwenyeji hana sababu ya kumchukia. Tajiri anayewalipa wageni pungufu kwa madai kwamba "afadhali wamepata kazi" ndiye anayewasha moto wa mwalo, na lawama inawaangukia wao.

Siku ya hesabu, tandika mkeka. Usisome tarakimu tu. Weka fedha kwa mafungu mbele ya wote: fungu la mafuta, fungu la chakula, fungu la ushuru, kila moja na karatasi yake, kisha fungu la tajiri, kisha la kila baharia. Mtu ambaye Kiswahili chake ni cha kubabaisha hulielewa fungu kwa macho. Daftari lako liwe na tarehe, ndoo zilizoshuka, bei, mauzo, gharama moja moja, mgawo, makato, na saini au dole gumba. Kila baharia awe na daftari lake dogo linaloandikwa maneno yaleyale. Asiyejua kusoma achague mwenyewe shahidi wake, usimchagulie wewe. Na usimlipe mtu kupitia kwa yule aliyewaleta. Mleta watu akishika fedha za wengine giza la kwanza hukata "za njia", giza la pili hukata "za kukutafutia", na vijana wanaogopa kusema kwa kuwa anawafahamu hadi kwao.

Makato yawe na kikomo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema makato ya kufidia upotevu au hasara yasizidi robo ya malipo ya mfanyakazi, na kwanza ithibitike kwamba kosa ni lake. Wapo wanaodai kwamba baharia wa mgawo si mwajiriwa. Usiingie kwenye ubishi huo. Itumie robo kama mpaka wako kwa madeni yote. Kijana wa 75,000 asikatwe zaidi ya 18,750, hata kama anadaiwa laki. Deni lake litachukua muda mrefu zaidi kwisha, lakini hatatoroka. Na chakula cha mbalamwezi uwape kwa kiwango kilichoandikwa tangu mwanzo, kwa bei ya dukani ileile. Kumuuzia mtu mchele kwa bei ya juu kwa sababu anakopa ndiko kunakozaa watumwa mwaloni.

Kuna tundu jingine watu hawalioni: simu. Laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Asiye na namba hutumia laini ya mwenzake, na fedha anazotuma kwao hupitia mikono ya watu wawili watatu. Zikipotea njiani, ugomvi unaletwa kwako. Ndiyo maana nasema kitambulisho cha wale wanne kiwe cha kwanza kushughulikiwa. Wakati wanasubiri, watume kwa wakala wao wenyewe wakiwepo, jina la mpokeaji lisomwe kwa sauti kabla ya kuthibitisha. Wakikuomba uwatunzie fedha, tunza kwa giza moja tu, kwa maandishi.

Chumba. Wavulana sita kwenye futi 10 kwa 10 si salama. Kifua kikuu hupenda chumba cha namna hiyo. Wagawe watatu watatu. Chumba cha 30,000 kwa watatu ni 10,000 kila mmoja, na kwa hesabu ile ya giza zuri wanaimudu. Giza la kwanza unaweza kuwaandikia kodi ya chumba cha pili kama deni, ndani ya ile robo. Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi aende kupimwa, na matibabu ya kifua kikuu ni bure. Mwenye damu kwenye mkojo apimwe kichocho, maana mwanzo aliambukizwa majini na ataendelea kuingia majini. Waonyeshe choo kilipo siku ya kwanza. Kijana akienda haja ufukweni, mtaa mzima utasema "hao ndio wachafu", wakati hakuna aliyemwonyesha.

Kuhusu dagaa wanaopungua kwenye chanja, kabla ya kutaja jina la mtu, hesabu ulivyopima. Ndoo nne za dagaa wabichi hazitoki ndoo nne za wakavu, na wingu likikaa siku mbili wanavunjika na kuchujwa. Korongo na kunguru nao wana fungu lao. Andika ndoo wakati wa kushusha na wakati wa kufungasha, kwa kipimo kilekile, kwa magiza mawili, na wawepo walinzi wawili, mwenyeji mmoja na mgeni mmoja. Baada ya hapo upungufu ukizidi kawaida, una ushahidi wa kuanzia. Upekuzi wa vyumba ufanywe na polisi kata au mtendaji akiwepo, usifanywe na kundi. Neno "mwizi" likipigwa usiku dhidi ya mtu asiye na ndugu mwaloni, halina wa kulizima.

Na maneno ya kila siku yana uzito wake. Waite kwa majina. "We Mrundi" au "nyie wa kuja" si majina. Usimuulize mtu mbele ya wenzake kwa nini kwao ni maskini, wala usimsimulie kwa wageni wako kama mfano wa wema wako. Muulize mambo ambayo mtu mzima huulizwa: kule kwenu mnavua kwa wavu wa namna gani, mama anaendeleaje, mtoto yuko darasa la ngapi. Methali yetu inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wengi huitumia kufukuza. Mimi naisikia vingine: jembe hupewa mtu ambaye umekubali ashike sehemu ya shamba.

Kama kati ya hao sita kuna aliye chini ya miaka 18, asipande mtumbwi. Ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mtoto kuwa baharia wa chombo au kufanya kazi ya hatari. Muulize mwaka wa kuzaliwa, usimuulize umri, maana umri hutajwa kwa mazoea. Ukiona kuna aliyemtoa kwa wazazi wake kwa ahadi, piga 116, namba ya huduma kwa mtoto. Hujataja wasichana, lakini watafuata, maana waanikaji wengi ni wanawake wageni. Mwanamke asiye na mtaji hukutana na mtu anayemtaka mwili ili ampe dagaa kwa mkopo. Kwako uzuie hilo kwa jambo moja rahisi: dagaa wauzwe asubuhi, hadharani, kwa foleni na bei iliyotangazwa, na mkopo uandikwe na wewe mwenyewe, usiachiwe baharia. Kwa wasichana wa kazi za ndani walioletwa kutoka vijijini, hapa Mwanza liko shirika la WoteSawa linalowatetea. Waelekeze huko mapema.

Na umesema unaogopa kuchezewa. Inaweza kutokea: mmoja atachukua chakula cha mbalamwezi na kuondoka. Ukiwa umeandika, hasara yako ni kiasi kinachojulikana, labda 30,000, na wala si sababu ya kuwahukumu watano waliobaki. Mtu mmoja akikosea, kosa liandikwe kwenye ukurasa wake.

Wengine wataondoka kwa heri, kwenda Kome, Ukerewe au kurudi Kigoma. Baharia wa namna hiyo usimwache aende mikono mitupu. Mwandikie barua fupi: jina lake, magiza mangapi amefanya kazi kwako, kazi aliyoifanya, kwamba hamdaiani, tarehe na saini yako, na muhuri wa BMU kama mwenyekiti yupo. Mwalo atakaofikia hawamjui, na swali la kwanza watakalomuuliza ni lilelile majirani zako wanalokuuliza wewe leo. Iandike siku ya hesabu, kabla mtumbwi wa abiria haujaondoka.